Fomu isiyoijua mashua

Najua kuna watakaouliza mtu wa Wote anatafuta nini baharini. Huku kwetu Makueni mito ni ya mchanga, ukitaka maji unachimba. Lakini kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, na mwaka jana nahodha mmoja wa Pwani aliniomba nimtengenezee programu ndogo ya kutayarisha karatasi zake kila anapovuka kati ya Kenya na Tanzania. Ikanibidi nizisome sheria zenyewe. Jamani, tatizo si wingi wa karatasi. Tatizo ni kwamba waliozibuni waliiona meli kubwa, wakaiona ndege, mashua ndogo hawakuiona.

Tuanze na forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka chombo kinachotoka nje kifikie bandari iliyoteuliwa, na nahodha au wakala wake atoe ripoti ndani ya saa 24. Hapo sina ugomvi. Sasa tazama adhabu ya magendo. Chombo cha chini ya tani 250 kikitumiwa kubeba bidhaa za magendo, chombo chenyewe kinaweza kutaifishwa. Meli ya tani 250 au zaidi ikifanya kosa lile lile haitaifishwi. Nahodha hutozwa faini na meli huzuiliwa mpaka faini ilipwe. Yaani mwenye jahazi anapoteza mali yote aliyo nayo, mwenye meli anaandika hundi na kung'oa nanga. Mwanaprogramu akiniletea kanuni kama hiyo nitamuuliza: hii 250 umeitoa wapi, na kwa nini mnyonge ndiye anayeangukia upande mbaya wa hesabu?

Twende kwenye mtandao. Tangu 1965 kuna mkataba uitwao FAL, chini ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari. Nia yake ni kurahisisha taratibu za meli bandarini, na tangu 1 Januari 2024 nchi wanachama zimelazimika kuwa na dirisha moja la kielektroniki: habari za meli zinatumwa mara moja, kila ofisi inachukua zinazoihusu. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, hilo ni wazo zuri sana. Lakini soma kifungu cha pili. Mkataba hauzihusu manowari wala mashua za starehe! Kwa hiyo meli ya makontena, yenye wakala na ofisi yenye kiyoyozi, inawekewa dirisha kwa amri ya dunia nzima. Mtu na mkewe waliokuja kwa tanga kutoka Ushelisheli hawamo. Jina lile lile na nambari ile ile ya pasipoti wataziandika kwa afisa wa afya, kisha uhamiaji, kisha forodha.

Halafu kuna eTA, idhini ya kielektroniki ya kusafiri iliyochukua nafasi ya viza za Kenya Januari 2024. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Mgeni anayeihitaji anaulizwa tarehe ya kuwasili na mahali atakapolala. Kwa abiria wa ndege ni maswali mepesi. Je, ajibu nini mtu ambaye tarehe yake imeshikwa na upepo wa kusi, na kitanda chake kimo ndani ya chombo? Kwa karne nyingi majahazi ya Oman yalikuja Lamu na Mombasa kwa kaskazi yakarudi kwa kusi. Sasa tumeandika fomu ambayo haijui upepo ni nini.

Nitaambiwa: usalama! Dawa za kulevya! Ni kweli, na ndiyo maana Agosti 2014 serikali iliilipua baharini meli Amin Darya, iliyokutwa na heroini ndani ya tangi la dizeli. Lakini mlanguzi hajazi fomu, hata uiandike vizuri namna gani. Anayeumizwa na fomu mbovu ni yule aliyekuja kuijaza. Ukimchosha mara tatu, mara ya nne atatafuta ufuo usio na afisa, na hapo wewe mwenyewe umemfundisha magendo.

Wala simwombi mtu avumbue kitu kipya. Nchi kadhaa za Karibi zinatumia SailClear: nahodha anajaza habari zake mtandaoni kabla ya kufika. Marekani ina ROAM, programu ya simu ambayo mwenye boti anaitumia kuripoti, na afisa akitaka anamhoji kwa video. Hapa kwetu, Namanga ina kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi 2018. Mwenye lori amefikiriwa. Mwenye mashua je?

Ninachodai ni hiki. Fomu moja isomwe na ofisi zote. Pawe na nafasi ya kuandika "kati ya tarehe hii na ile", na "nalala chomboni". Ifanye kazi hata kwenye mulika mwizi, kama M-Pesa ilivyofanya tangu 2007. Mama muuza maembe hapa Wote anaitumia bila intaneti, sembuse nahodha. Na ule mstari wa tani 250 ufutwe, adhabu ifuate uzito wa kosa, si uzito wa chombo.

Programu yenyewe ni kazi ya miezi michache. Kufuta mstari ule ni kazi ya wabunge wa Jumuiya kule Arusha, na hao ndio wa kuulizwa.