Atakayepokea Wageni Ajifunze Kwanza Kuwa Mgeni



Ndugu msomaji, kila mwaka ikifika Julai na vyuo vya Roma vikifunga, swali ni lile lile kwetu sisi wanafunzi tuliotoka Afrika Mashariki: likizo hii tunakwenda wapi? Wapo wanaobaki kusaidia parokiani, wapo wanaokwenda Ujerumani kujifunza lugha. Sisi wanne, waseminari wa falsafa, tulibeba mabegi mgongoni tukaenda Hispania kutembea sehemu ya Njia ya Mtakatifu Yakobo, inayoishia Santiago de Compostela. Picha zilipofika kwenye makundi ya WhatsApp ya parokia zetu, maneno nayo yalifika: "Mafrateri wanakula bata Ulaya."

Hatuwalaumu waliosema hivyo. Mama aliyeuza maandazi akatoa mchango wa kututegemeza seminarini ana haki ya kuuliza tunafanya nini huku. Tunamjibu kwa heshima. Maoni yetu ni kwamba safari ya namna hii, ikifanywa kwa miguu na kwa mfuko wa mwanafunzi, ina nafasi yake katika malezi ya padre. Inamfundisha jambo ambalo ni vigumu kulifundisha ndani ya ukuta wa seminari: kupokelewa kama mtu asiye na cheo.

Tuanze na fedha, maana ndipo manung'uniko yalipo. Tulijiwekea kikomo cha euro 25 kwa siku kwa kila mtu, chakula na malazi pamoja, kutoka katika akiba tuliyoiweka kidogo kidogo mwaka mzima. Njia nzima, ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, ina kilometa zinazokaribia 800. Hatukuwa na muda wala fedha za kuimaliza. Tulitembea kutoka Logroño hadi Burgos, yapata kilometa 120, tukapanda basi hadi Sarria, kisha tukatembea kilometa 115 hivi zilizobaki kufika Santiago. Hujaji hubeba kitabu kidogo kinachogongwa mhuri kila anapopita. Akionyesha kwamba ametembea angalau kilometa 100 kufika Santiago, hupewa cheti cha hija. Mwaka 2024 watu karibu 500,000 walipata cheti hicho.

Chakula tulipika wenyewe. Kutoka Roma tulibeba unga wa polenta, ambao kila Mwafrika anayesoma Italia anajua unatoa ugali, ingawa ni wa njano. Tulikula na sadini za kopo na mboga za majani za dukani. Siku tulizochoka kupika tulikula mkate na jibini kando ya barabara, tukinywa maji ya bomba la kijijini. Nguo tulifua kwa mkono kila jioni, malengelenge ya miguuni tukayatoboa kwa sindano. Kama huko ndiko kula bata, basi bata huyo alikuwa amekonda sana.

Lakini gharama si kiini cha jambo. Kiini ni kilichotupata tulipofika mlangoni mwa watu tukiwa hatujulikani. Ninyi waamini mnajua jinsi frateri anavyopokelewa akirudi nyumbani likizo. Anapewa kiti cha mbele, analetewa maji ya kunawa, na firigisi ya kuku inawekwa kwenye sahani yake huku wazee wenye mvi wakitazama. Mnafanya hivyo kwa upendo, na Mungu awalipe. Hata hivyo upendo huo una hatari kwetu. Kijana anayepokewa hivyo tangu miaka ishirini anaweza kufika siku ya upadrisho akidhani kwamba kupokewa ni haki yake na kupokea watu ni kazi ya katibu wa parokia.

Njiani hakuna firigisi. Katika nyumba za mahujaji unapanga foleni kama wengine, unaonyesha kitabu chako, unapangiwa kitanda cha dabodeka katika chumba cha watu 30 au 40. Anayelala chini yako anaweza kuwa mwalimu mstaafu, dereva wa lori, au mtu aliyeacha kusali zamani anayetembea kwa sababu amefiwa na mke. Anakoroma kama wewe. Maji ya moto yakiisha, yameisha kwenu wote.

Katika kijiji cha Grañón, mahujaji hulala juu ya magodoro yaliyotandikwa sakafuni katika jengo la kanisa la parokia. Hakuna bei. Kuna sanduku lililo wazi lenye maneno yanayomwambia mgeni aache anachoweza na achukue anachohitaji. Jioni watu hupika pamoja, hula meza moja, huosha vyombo, kisha wanaotaka hupanda kusali pamoja. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale jembe linatolewa usiku wa kwanza, na hakuna anayenuna, kwa sababu kuosha sufuria kunamfanya mgeni awe mtu wa nyumbani.

Waliotuhudumia katika nyumba kama hizo wengi ni watu wa kujitolea wanaokuja kwa wiki mbili bila mshahara. Nao wana utaratibu mmoja uliotufikirisha sana: anayetaka kuhudumu sharti awe amekwisha kuitembea njia hiyo mwenyewe. Hawataki mwenyeji ambaye hajawahi kuwa mgeni. Anayejua maumivu ya miguu haulizi maswali mengi mlangoni. Anatanguliza beseni la maji.

Lugha ya Kilatini tunayohangaika nayo darasani ililiona hilo zamani. Neno *hospes* lina maana mbili, mgeni na mwenyeji pia, na ndiko zilikotoka hospitali, hosteli na hoteli. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, anaagiza wageni wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na maskini na mahujaji watunzwe kwa bidii zaidi. Anatoa sababu ya mtu anayewajua wanadamu: tajiri hahitaji kuombewa heshima, kwa kuwa woga wetu tu unatosha kumpatia.

Njia hiyo ina upande mwingine pia. Katika mji mmoja tulifika jioni kwenye nyumba ya kulala wageni, mwenye nyumba akatutazama, akasema vitanda vimejaa. Tulipokuwa bado tunafunga mabegi yetu nje, waliotufuata, ambao hawakuwa na rangi yetu, waliingia na hawakutoka. Tulitembea kilometa sita nyingine kabla ya kupata mahali, na katika kilometa hizo sita hatukuongea sana. Mmoja wetu mwishowe aliuliza: "Hivi kwenye ofisi ya parokia yetu ni nani huambiwa pamejaa?"

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Tunazifahamu ofisi zetu. Anakuja mama kuomba ubatizo wa mtoto, anaambiwa alete barua ya jumuiya. Jumuiyani anaambiwa hajulikani, hajalipa zaka tangu ahamie. Anakuja kijana aliyefiwa, inafunguliwa daftari la michango kabla hajapewa pole. Utaratibu ni lazima, nasi hatusemi ufutwe. Hata hujaji huulizwa kitabu chake cha mihuri. Lakini kitabu kile huonyesha kwamba umetembea, hakionyeshi umetoa kiasi gani, na mtu hukaribishwa kuketi kabla kitabu hakijafunguliwa. Sisi tuliosimama nje ya ule mlango tumeelewa kwamba maneno yale yale, "haiwezekani leo", yanaweza kumwacha mtu na heshima yake au yakamvua yote, kutegemea uso wa anayeyasema.

Yapo makundi mawili yatakayotupinga. La kwanza litasema: kwa nini Ulaya? Ni kweli, si lazima iwe Ulaya. Rafiki yetu mmoja aliye nyumbani alitamani kuungana nasi, lakini ada ya viza ya Schengen ni euro 90, nayo hairudishwi ukinyimwa. Mafunzo yasiyopatikana bila viza hayawezi kuwa mafunzo ya wote. Tulio huku tutembee huku. Walio nyumbani wana barabara zao. Kila mwaka kuelekea Juni 3 maelfu ya waamini hutembea kwa miguu hadi Namugongo, Uganda, wengine kwa siku nyingi, na njiani hutegemea maji na mahali pa kulala kutoka kwa wasiowajua.

Kundi la pili litasema kwamba mseminari ana vitabu vya kusoma. Tunawajibu kwa mfano wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye hakudharau vitabu hata kidogo. Katika majaribio aliyowawekea wanovisi wa Shirika lake lipo la kuhiji kwa mwezi mmoja bila fedha, wakiomba chakula na malazi, ili wazoee kula vibaya na kulala vibaya na kumtumaini Mungu. Alijua kwamba mlezi akisubiri hadi mtu apate upadre ndipo amfundishe kuomba, atakuwa amechelewa.

Pendekezo letu kwa walezi wetu ni dogo. Kabla ya kuanza teolojia, kila mseminari atembee walau wiki moja kwa miguu, wawiliwawili, kutoka kigango hadi kigango cha jimbo lisilo lake, bila kutangazwa na bila kanzu. Abebe nguo za kubadili na Masifu yake. Alale atakapopokelewa, aoshe vyombo vya aliyempokea. Akirudi aandike ni nani walimfungulia na ni nani walimfungia, na lile lililompata mlangoni alilete kwenye malezi yake.

Nanyi waamini tunawaomba msaada. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkiona vijana wawili wenye mabegi na vumbi miguuni wanabisha hodi jioni, msiwaulize kwanza kama ni mafrateri. Wapeni maji, waonyesheni mkeka ulipo, wapeni na viazi wamenye. Firigisi mwekeeni babu.