Akiba Isiyotazamwa Huoza

Sisi wakazi wa visiwani hatuhitaji kuhubiriwa juu ya hatari ya kutegemea njia moja. Tangu Desemba 10, 2009 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani kwa miezi mitatu, kwa kuwa umeme wake kutoka Bara ulipitia njia moja tu ya chini ya bahari, nayo iliharibika.

Yatupasa kukumbuka somo hilo leo, wakati vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi na hesabu za kodi zinapohifadhiwa katika kompyuta. Septemba 26, 2025 moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu cha Serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Kazi za watumishi zenye ukubwa wa terabaiti 858 ziliteketea, na hazikuwa na nakala mahali pengine.

Kinga inajulikana. Kila muamala unaokamilika katika seva kuu hupelekwa mara moja kwenye seva ya pili iliyo mbali, ukaandikwa huko kwa mfuatano ule ule. Seva kuu ikiwa Unguja na ya pili Pemba, ajali ya kisiwa kimoja haitafuta haki za mwananchi.

Hata hivyo, kufunga mitambo ni mwanzo tu wa kazi. Mawasiliano yakikatika, miamala hurundikana, na seva ya pili hubaki nyuma bila ya kelele yoyote. Seva zote mbili zikiruhusiwa kupokea maandishi mapya bila ya utaratibu, kiwanja kimoja chaweza kuandikiwa watu wawili. Tena, kosa nalo hunakiliwa: karani akifuta hati ya shamba Unguja, na Pemba itafutika papo hapo. Kwa hiyo nakala ya kila siku, iliyotengwa na seva zote mbili, ni ya lazima.

Ni maoni yetu kwamba kila ofisi inayotunza kumbukumbu za umma imteue mtumishi wa kukagua kila asubuhi kama seva ya pili imechelewa, na kwa kiasi gani. Aidha, kila baada ya miezi mitatu kazi ihamishiwe huko kwa majaribio, na nakala ya kila siku ifunguliwe kuona kama inasomeka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, isipotazamwa.