Paa la Gari: Kuziba au Kuzibua?

Maji yanapoonekana kwenye zulia la gari lenye paa la kioo linalofunguka, mafundi wengi hukimbilia kupaka gundi kandokando ya kioo. Huko ni kutibu pasipouma. Mpira wa kioo hicho haukukusudiwa kuzuia kila tone: maji yanayopenya hupokewa na mfereji, kisha huteremka kwa mirija iliyofichwa ndani ya nguzo za gari hadi nje. Vumbi na majani makavu vinapoiziba mirija hiyo, mfereji hufurika. Yafaa kwanza kumimina maji kidogo katika kila pembe ya mfereji. Mrija usioyatoa nje ndio wa kuzibuliwa, kwa uzi mnene wa nailoni. Wahenga waliagiza kuziba ufa; hapa kinachookoa nyaya za umeme zilizo chini ya zulia ni kupima kwanza, kisha kuzibua.