Commodore 64 Haiwaki: Chomoa Adapta Sasa Hivi

Usiiwashe tena.

Kama umeunganisha Commodore 64 na televisheni, ukabonyeza swichi, taa nyekundu ikawaka na skrini ikabaki nyeusi tii, zima. Chomoa adapta ukutani. Usiseme "ngoja nijaribu mara moja tu". Mara moja hiyo ndiyo inayoua.

Kompyuta nzima ingekupa skrini ya buluu, baiti 38911 za BASIC na neno READY ndani ya sekunde chache. Isipokupa hayo, wa kwanza kushukiwa si kompyuta.

Ni adapta.

Adapta ya asili, lile bonge zito la plastiki, hutoa umeme wa aina mbili: volti 9 za AC na volti 5 za DC. Zile 9 tuziache. Balaa liko kwenye 5. Ndani mna kidhibiti volti, kipande kidogo kinachoushusha umeme wa transfoma na kuushikilia kwenye 5. Kiwandani walimimina epoksi humo ndani ikajaa, ikaganda. Joto halina pa kutokea, na adapta yenyewe haifunguki kutengenezwa. Kidhibiti kimepikwa humo tangu miaka ya 1980. Kikichoka, si lazima kikate umeme. Mara nyingine kinauachia. Zile 5 zinakuwa 6, 7, 8, na kuendelea.

Chipu za ndani zinataka volti 5. Kikomo walichoandika watengenezaji wake ni 7.

Na fyuzi? Ipo, ukifungua unaiona, na inakupa moyo wa bure. Fyuzi hiyo inalinda njia ya volti 9. Njia ya volti 5 inaingia moja kwa moja kwenye RAM, kwenye prosesa, kwenye chipu ya sauti. Haina kinga yoyote.

Sasa sikia hatari yenyewe. Kompyuta iliyokufa imeshakufa. Hatari ni jaribio linalofuata. Mtu ana kompyuta mbili, au rafiki yake anayo ya pili. Anasema: tuijaribu adapta hii kwenye ile inayofanya kazi, tujue kama ni nzima. Adapta inapelekwa. Skrini ya pili nayo inakuwa nyeusi. Au anafanya kinyume: anang'oa chipu kwenye kompyuta nzima, anazipachika kwenye mbovu, anawasha kwa adapta ileile. Zilizokuwa nzima zinaungua pia. Jioni moja tu, na ubovu wa kifaa kimoja umeshakuwa ubovu wa vitatu. Ni kipindupindu cha kisima kimoja: kila anayechota anaondoka nacho.

Na kilichoungua hakirudi. Commodore ilifilisika Aprili 1994. SID, chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes, haitengenezwi tena. Kweli, kompyuta hizi ziliuzwa kwa mamilioni tangu 1982, lakini chipu zilizobaki duniani ndizo hizohizo, na kila adapta mbovu inazipunguza. Wajanja wameshaiona biashara: wanakwangua maandishi ya chipu nyingine, wanaandika 6581, namba ya SID, juu yake, wanakuuzia kama SID. Kwa hiyo ile uliyo nayo ndani ya mashine yako, kama bado nzima, usiichezee bahati nasibu.

Pima.

Mita ya kawaida inatosha, hata ile ya bei ya chini iliyopo kwa fundi redio. Plagi ya adapta ina pini 7, zimepangwa kwa upinde, na namba zake hazifuatani. Pini 2 ndiyo ya katikati. Pini 5 ni jirani yake wa upande mmoja. Volti 5 za DC ziko kati ya hizo mbili. Ukipata sifuri, umeshika jirani wa upande wa pili, hamia huku. Pini mbili za mwisho kabisa za upinde ni 6 na 7, na kati yake ndipo penye volti 9 za AC. Ncha za mita zisigusane.

Chini ya 4.75 au juu ya 5.25, hukumu imetoka. Usiitumie.

Lakini iliyopima 5 sawasawa haijaachiwa huru. Umeipima ikiwa baridi, haijabeba mzigo. Adapta hizi huweza kuharibika zikishapata moto, kompyuta ikiwa imewaka nusu saa, na wakati huo mita yako imesharudi kabatini. Wapo wakusanyaji watakaokwambia ukipima mara kwa mara inatosha. Mimi nasema haitoshi. Adapta ya asili isirudi kwenye kompyuta, hata ikipima vizuri. Nunua mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Ukishindwa kabisa, weka katikati kifaa cha kinga kinachokata umeme mara volti 5 zinapozidi.

Walioletewa mashine kutoka Marekani: adapta yake ni ya volti 120. Soketi za kwetu zinatoa 230 au 240. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha, hutahitaji mita.

Ukishapata adapta mpya, na si kabla, ndipo uiguse bodi. Ondoa katriji na kila kilichochomekwa nyuma na ubavuni. Washa sekunde chache, zima, kisha gusa chipu za RAM kwa mgongo wa kidole. Kwenye bodi nyingi za zamani ziko 8. Zikiwa na uvuguvugu mmoja, endelea kutafuta. Moja ikikuunguza, umempata mshukiwa. Zenye herufi MT zishuku mapema, zina sifa mbaya. Nyingine ya kushuku ni chipu ya PLA, ambayo kwenye bodi za mwanzo hufa sana kwa joto. Commodore iliwatengenezea mafundi wake katriji ya majaribio: hata skrini iliyokuwa nyeusi inaifanya imulike, na ukihesabu mimuliko unajua ni RAM ipi. Nakala zake bado zinapatikana. Chipu mpya uipachike kwenye soketi, usiichomelee kwenye bodi.

Wenye mashine nyingine msicheke. Amiga 500 Plus ya 1991 ina betri ya nikeli-kadimi juu ya bodi, na betri hiyo inavuja mashine ikiwa imelala sandukuni. Haingoji umeme. Ukungu wa kijani unatambaa kwenye njia za shaba na kuzila. Fungua leo, ikate betri, safisha kwa siki. BBC Micro ina kapasita za Rifa upande wa umeme wa ukutani. Ganda lake linapasuka kwa uzee, linavuta unyevu, na ukiwasha tu nyumba inajaa moshi unaonuka. Kwa anayeishi pwani sina haja ya kueleza unyevu. Kazi hiyo mpe fundi, umeme wa upande huo unaua mtu.

Adapta mbovu usiitupe nzima. Kata waya karibu kabisa na plagi. Ukiiacha ilivyo, mtu ataiokota, ataona plagi inaingia kwenye mashine yake, ataona amepata bahati.

Na kama uliwahi kumwazima mtu adapta hiyo, mpigie simu leo, kabla hajawasha.