Somo la Mazingira Lenye Kiingilio

Hebu tuambiane ukweli. Ile safari ya shule kwenda Arboretum hapa Nairobi eti ni somo la mazingira. Somo lenyewe liko wapi? Watoto wanashuka basi wawili wawili. Usiguse. Usikimbie. Usichafue viatu. Wanapigwa picha chini ya mti ambao hakuna anayewatajia jina lake, wanakunywa soda, saa nane wako njiani kurudi. Picha inaingia kwa grupu ya wazazi, mambo yameisha.

Na ile bustani ina mengi ya kusema! Ilianzishwa mwaka wa 1907, na si kwa ajili ya pikiniki. Wakoloni walitaka kujua miti gani ya kigeni inakua haraka, wapate kuni za kuendesha magarimoshi. Mikaratusi haikujileta yenyewe kutoka Australia. Mwambie mtoto hivyo uone maswali: nani aliileta? Nani alifaidika? Na Uhuru Park si mbali na hapo. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kusimamisha jumba la orofa 60 pale, Wangari Maathai akakataa. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa. Hilo nalo ni somo la mazingira.

Kinachoniudhi zaidi ni wale wanaoachwa. Asiye na pesa ya basi anabaki darasani, akijifunza kwamba miti ni ya waliolipa. Pengine huyo ndiye anayeishi kando ya Mto Mathare, anayejua mazingira yakiharibika yananuka vipi. Angekuwa mwalimu siku hiyo.

Najua utaniambia watoto wa jiji hawaoni miti, afadhali siku moja kuliko kukosa kabisa. Sawa, lakini mbona hawaioni? Shule ngapi zimefyeka kila kitu na kumwaga kabro uwanja mzima ili magari yapate pa kuegesha? Huwezi kukata mti Januari, halafu Juni umtoze mzazi pesa mtoto wake akaone mwingine.

Ng'oeni kabro kidogo. Kila darasa lipewe kipande chake cha udongo, jembe na maji. Tembeeni na watoto hadi mto ulio karibu, waone taka zinatoka wapi. Kisha nendeni Arboretum, lakini nendeni wote, anayeweza kulipa na asiyeweza. Na wakichafua viatu, wacheni wachafue.