Pistoni, Nguvu na Dérivée: Hesabu za Mekanika Zinatuhusu

Wako wanaosema kwamba hesabu za wanafunzi wa mekanika si shauri letu sisi wa lugha. Mimi naona ni shauri letu kabisa. Mwanafunzi wa politekniki hapa Lubumbashi anafundishwa analizi kwa Kifaransa, kisha jioni anamweleza mwenzake kwa Kiswahili kile alichosikia. Maelezo hayo ya jioni hayana kamusi, hayana mwalimu, wala hakuna anayeyasahihisha. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tuchukue garaji yoyote ya Kamalondo. Kijana aliyekulia humo anajua kwamba pistoni ikifika juu kabisa inasimama kidogo sana, halafu inarudi chini. Kifaransa kinapaita hapo "point mort haut". Ukumbini anaambiwa kwamba pale dérivée ya nafasi ya pistoni ni sufuri. Ni jambo lile lile: mwendo umekatika, ingawa pistoni iko mbioni kugeuka. Lakini hakuna aliyemwambia, kwa lugha aliyoijulia pistoni, kwamba dérivée inapima jinsi kitu kinavyobadilika. Basi anakariri kanuni, anafaulu au anaanguka, na pistoni inabaki garajini.

Tunajibiwa kwamba Kiswahili chetu hakina maneno: "nguvu" inabeba force, puissance na énergie zote pamoja. Ni kweli. Lakini tukiangalie na Kifaransa. Puissance ya injini inapimwa kwa wati; puissance nyingine ni ile 2 ndogo inayokaa juu ya x. Dérivation ya mwanahesabu si ile yetu ya isimu, ya piga, pigia, pigana. Hakuna aliyekifukuza Kifaransa ukumbini kwa sababu hiyo. Walimu walieleza tofauti, wanafunzi wakazizoea.

Kiswahili sanifu cha Tanzania kimekwisha kutenga "kani" kwa force na "nishati" kwa énergie. Je, tuyachukue yalivyo? Ukisema "kani" kwa fundi wa Kamalondo, huenda akakuuliza ni kitu gani. Ukimwachia "nguvu" peke yake, atachanganya niutoni na wati. Kuchagua kati ya neno la kamusi, neno la Kifaransa lililozoeleka na neno la garaji ni kazi ya isimu. Mhandisi hakuisomea; sisi tumeisomea.

Siombi Kifaransa kiondolewe. Mitihani, vitabu na kazi za migodini vinakidai. Lakini Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na inaiagiza Serikali iziendeleze. Lugha haiendelezwi kwa salamu na nyimbo tu.

Napendekeza tuanze na maneno hamsini ya analizi na mekanika. Wanafunzi wetu wawili au watatu wayafanyie kazi zao za kumaliza masomo, wakikaa na wenzao wa politekniki upande mmoja, na mafundi wa garaji upande mwingine. Kila neno lipewe maelezo mafupi na mfano wa mashine, kisha lijaribiwe katika vikundi vya mazoezi. Neno ambalo halimsaidii mwanafunzi kutatua zoezi litupwe, hata kama sisi wanaisimu tunalipenda.