Tela kuukuu la jeshi: faida ipo karakanani, hasara ipo mpakani

UCHAMBUZI

Matela madogo ya mizigo yaliyoondolewa kazini na majeshi ya Marekani na Uingereza yamepata wateja wapya. Watu huyanunua kwenye minada, huyafufua, na kuyageuza matela ya kambi ya kuvutwa na gari la 4x4 hadi mahali pasipo na lami. Kwa mfanyabiashara wa Arusha, Nairobi au Kampala anayewaona wageni kila siku wakikodi Land Cruiser zenye hema juu ya paa, wazo la kuingiza matela hayo linavutia.

Hata hivyo, bei ya mnadani ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Chuma cha matela haya bado ni imara na mafundi wetu wanakiweza. Kinachoamua kama biashara italipa ni uzito na makaratasi, na vyote viwili vinapaswa kupimwa kabla ya kununua, si baada ya kontena kushushwa Mombasa au Dar es Salaam.

NI MATELA YA AINA GANI?

Linalotafutwa sana nchini Marekani ni M416, lililotengenezwa kuanzia miaka ya 1960 ili livutwe na gari dogo la jeshi la M151. Likiwa tupu lina uzito wa kilo 263 hivi, na nje ya barabara limekadiriwa kubeba kilo 227. Kwa upande wa Uingereza lipo la kampuni ya Sankey la robo tatu ya tani, lililotengenezwa kufuatana na Land Rover za jeshi.

Sababu ya kupendwa kwake ni moja: yalitengenezwa kwa ajili ya njia mbaya. Sanduku ni la chuma, springi ni ngumu, na magurudumu ni makubwa. Kiungo chake ni pete ya chuma inayoingia kwenye ndoano, hivyo tela linaweza kupinda huku na huku kwenye makorongo bila kuvunja kiungo.

KAZI YA KARAKANA

Fundi aanze chini, si juu. Rangi nzuri huficha kutu kwenye sakafu ya sanduku, kwenye kona za chesi na pale mkono wa kuvutia ulipochomelewa. Akikuta ufa kwenye mkono huo, kuziba juu juu hakutoshi. Sehemu hiyo ikatwe na kuchomelewa upya na fundi anayeaminika, kwa kuwa tela likichomoka barabarani ni ajali ya watu wengine.

Beringi zibadilishwe zote, hata zinazoonekana nzima. Taa za jeshi hutumia volti 24 wakati magari mengi ya safari hutumia 12, kwa hiyo balbu, waya na plagi vyote hubadilishwa. Breki ya M416 ni ya mkono, ya kuegeshea tu. Sankey lina breki zinazojikaza lenyewe tela linapolisukuma gari mteremkoni, ila baada ya miaka mingi stoo mara nyingi huwa zimeganda.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni magurudumu. Tela likitumia rimu sawa na za gari linalolivuta, gurudumu moja la akiba linatosha kwa vyote viwili. Ukipasukiwa na tairi mbili kati ya Marsabit na Ziwa Turkana, ndipo utakapoiona faida yake. Land Cruiser za 70 zenyewe hazifanani: za zamani zina nati 6, za baadaye zina nati 5. Amua kwanza ni gari gani litakalovuta, kisha tengeneza ekseli ilifuate gari hilo.

HESABU YA UZITO

Tuchukue M416 na kilo zake 227. Maji lita 80 ni kilo 80. Hema la kukunjua juu ya tela, tuseme kilo 60. Friji na betri yake, kilo 50. Tayari ni kilo 190. Zimebaki 37, na bado hujapakia mchele, sufuria, mtungi wa gesi, viti, jeki na gurudumu la akiba.

Kwa hiyo tela dogo huzidiwa mapema, tena bila mwenyewe kujua. Kuongeza springi peke yake si dawa, kwani ekseli, beringi na mkono wa kuvutia havikuongezewa nguvu. Mwenye kutaka kukodisha kwa familia ya watu wanne afikirie tela la robo tatu ya tani, na akubali gharama ya breki zinazofanya kazi. Kanuni ya kawaida ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa ikae kwenye kiungo. Maji yakiwekwa nyuma kabisa, tela litaanza kuyumba.

FORODHANI

Katika vitabu vya forodha, tela la kambi na tela la mizigo si kitu kimoja. La kuishi au kupiga kambi huingia 8716.10, la mizigo la kawaida huingia 8716.39. Tela lililofungwa hema na jiko huko ng'ambo linaweza kuhesabiwa tofauti na sanduku tupu. Wakala wako akupe jibu kuhusu kifungu na kiwango kabla hujalipa.

Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Tuseme tela limefika bandarini kwa dola 2,000 pamoja na usafiri na bima, na likaangukia asilimia 25. Ushuru ni dola 500. VAT ya asilimia 18 ya Tanzania au Uganda juu ya 2,500 ni dola 450. Hizo ni dola 950, kabla ya tozo nyingine, bandari na wakala.

Kisha kuna umri. Kenya hairuhusu magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tela la miaka ya 1970 limevipita vikomo vyote viwili. Asiyepata jibu la maandishi kuhusu tela lake asinunue. Aidha, tairi zilizotumika za magari madogo zimo katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku na sheria ya forodha ya EAC, hivyo usijaze sanduku tairi za ziada.

Asili ya kijeshi nayo ina mambo yake. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Tangazo lilihusu mavazi, si matela, lakini linaonyesha upepo unakovuma. Ondoa namba na alama za jeshi, paka rangi ya kiraia, na tunza hati ya mauzo ya mnada.

KUVUKA MPAKA

Mwenye tela lake binafsi hana tatizo kubwa Namanga, ilimradi tela lina usajili wake na namba yake imo kwenye bima ya kadi ya njano ya COMESA. Anayebeba watalii kwa malipo ana hali nyingine. Makubaliano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985 yaliweka vituo vya mpakani ambapo magari ya watalii hukabidhiana abiria, na mvutano wa Desemba 2014 hadi Machi 2015 kuhusu magari ya Tanzania katika uwanja wa Jomo Kenyatta ulionyesha jinsi suala hilo linavyoweza kuwaka. Tela likisimamishwa mpakani, chakula na malazi ya wageni vimesimama nalo.

Kwa hali hiyo, njia yenye hatari ndogo ni kutafuta tela ambalo tayari lipo nchini na limesajiliwa, kulifufua hapa hapa, na kulikodisha ndani ya nchi moja. Anayeamua kuagiza apange hatua zake hivi: kwanza jibu la forodha, pili gari litakalovuta na uzito utakaobebwa, tatu fundi, na mwisho kabisa mnada.